Uswisi Yaweka Wazi Msimbo wa Mifumo ya Umma, Suala la Uhakiki Labaki

Tangu Januari 1, 2024, taasisi za Serikali ya Shirikisho ya Uswisi zinawajibika kisheria kuweka wazi msimbo chanzo wa programu zinazotengeneza au kutengenezewa, isipokuwa pale haki za watu wengine au sababu za kiusalama zinapozuia.

Kwa kawaida, programu huandikwa kwa maneno anayoweza kuyasoma mtaalamu, kisha kompaila huyageuza kuwa lugha ya mashine kabla ya kumfikia mtumiaji. Faida za utaratibu huo hazina ubishi: programu huanza haraka na mtengenezaji hulinda siri ya kazi yake. Hasara huonekana baadaye. Faili iliyoandaliwa kwa prosesa za x86 haiendeshwi moja kwa moja na prosesa za ARM, na mtengenezaji akifunga shughuli zake, taasisi hubaki na mfumo isioweza kuurekebisha wala kuukagua. Hali ni tofauti kwa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika pia Tanzania. Msimbo wake uko wazi, hivyo wataalamu wa ndani wanaweza kuurekebisha kulingana na mahitaji yao.

Hata hivyo, msimbo kuwa wazi si kinga kamili. Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kuwa amebaini mlango wa siri katika xz, programu ya kubana data inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Alianza kushuku baada ya kuona kuwa kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa takribani nusu sekunde, jambo ambalo wengi wangelipuuza. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ndiyo yaliyoathirika. Amri iliyoiamsha hila hiyo iliwekwa katika kifurushi cha toleo pekee, wala haikuwamo katika hifadhi ya wazi ambako wakaguzi huangalia. Kiini chenyewe kilikuwa tayari katika lugha ya mashine, kimefichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio.

Kwa sababu hiyo, miradi kama Debian imekuwa ikihimiza ujenzi unaorudiwa: watu wawili wakitumia msimbo uleule na kompaila ileile, wapate faili zinazolingana hadi biti ya mwisho. Kazi hiyo si nyepesi. Saa ya kutengenezwa au jina la folda, likipenya ndani ya faili, linatosha kuvuruga ulinganifu. Kwa mantiki hiyo, mkataba wa ununuzi unaodai msimbo chanzo peke yake haujitoshelezi. Unapaswa kutaja pia toleo la kompaila, maelekezo ya ujenzi na atakayeyajaribu kabla malipo ya mwisho hayajafanyika.