Fungua Mlango, Lakini Weka Bei

Wasee, leo naandika nikiwa na aibu kidogo.

Kuna fundi hapa Ndalu anayechora mabango. Hata kama humjui, mkono wake unaujua: kinyozi, hoteli ya chai na mandazi, duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Miezi kadhaa iliyopita nilikaa naye siku nzima nikimrekodi. Anasugua bati kwa msasa, anapaka rangi ya kwanza, anangoja ikauke, anapiga mistari kwa chaki na uzi, ndio sasa anagusa herufi. Mkono hautetemeki hata kidogo. Nikaweka video, ikatrendi. Mimi nikapata wafuasi. Yeye akapata simu tano, zote za watu wanaotaka bango la shilingi mia tatu kwa sababu, aki, "si ni kitu ya dakika moja, tumeona."

Masaa nane niliyakata yakabaki sekunde hamsini. Kosa ni langu, si lao.

Ndio maana nataka tuongee kuhusu studio wazi. Kwa mwenye hajawahi kufika: ni siku ambayo wasanii wanafungua mahali pao pa kazi, unaingia bure, unawakuta wakifanya, unauliza maswali, na ukipenda kitu unanunua. Nilienda moja Nairobi, nikatoka na maoni mbili. Ya kwanza, watu wengi walikuja kupiga selfi na kunywa juisi. Ya pili, nilimwona dada akisimama mbele ya mchoro mmoja, anauliza bei, anashtuka, halafu anabaki pale kumwangalia msanii akifanya kazi karibu nusu saa. Kurudi kuuliza tena, hakuomba apunguziwe.

Mtaniambia hayo ni mambo ya Nairobi na watu wenye doo. Sawa, lakini Maasai Mbili walianzia wapi? Kibera, 2001. Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa wachoraji wa mabango, kazi ileile ya huyu fundi wetu. Walikuwa wanazunguka mtaani na shuka za Kimaasai ndio watu wawatambue, na jina likawashika hapo. Studio yao iko ndani ya Kibera, si kwa mall. Wajukuu nao wako Mukuru, Lunga Lunga. Mwaka wa 2022 walialikwa documenta, yale maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani, na wakajenga mlango wa ukumbi kwa mabati yenye kutu. Mabati, wasee! Zile tunazoezekea jikoni. Wakashinda Tuzo ya Arnold Bode mwaka huohuo.

Kwa hivyo shida si mabati wala Ndalu. Shida ni kwamba huku kazi ya mikono tunaiona ikishaisha. Tukiwa shule tulipelekwa Makumbusho ya Kitale, vitu vizuri sana viko nyuma ya kioo, aliyevitengeneza hayupo. Sokoni ni hivyo hivyo: kiti kimekamilika, sare imeshonwa, bango limekauka, na sisi tunaanza kuvuta bei chini. Halafu tunashangaa mbona watu wanakimbilia mabango ya plastiki ya mashine.

Mamangu, ambaye tangu niache chuo mwaka wa pili huniuliza kila Jumapili kama hii yangu ni kazi, aliniletea chakula kwa kibanda cha fundi ile siku ya video. Alisema anakaa dakika mbili. Akakaa mpaka herufi ya mwisho. Akaniambia, "Kumbe huyu baba huinama hivi mchana kutwa?" Wiki hiyo alikuwa na kiti kwa seremala, na alilipa bila kelele. Haijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Pendekezo langu: mchoraji, fundi wa kuchomelea, mama wa cherehani na seremala wafungue vibanda siku moja ya soko, watu waingie wakae. Lakini si bure-bure. Siku ya kuongea na wageni ni siku ya kazi iliyopotea, kwa hivyo bei iandikwe ukutani, nambari ya M-Pesa ikae kando yake, na sisi wa kamera tulipe kabla ya kurekodi. Ndiyo, sisi. Najua kuna creators watanirushia mawe hapa. Rusheni tu.

Nilimpelekea fundi hiyo stori juzi. Hakukubali, hakukataa. Aliendelea kuosha brashi na mafuta taa, halafu akasema, "Kijana, nitafungua. Lakini saa ya kwanza, simu yako ikae mfukoni."

Nimekubali. Na zile pesa za video ya kwanza, tumeanza kuongea vile nitamlipa.