Sifa za Kazi Zisigeuzwe Njiani

Mwalimu aombaye kazi katika chuo kikuu cha umma huanza kwa kusoma tangazo. Tangazo hilo ni ahadi ya Serikali kwa wananchi. Je, Serikali ina haki ya kubadili sifa zinazotakiwa? Jibu la mahakama za India lafaa lifikiriwe na kila mtumishi mwenye dhamana ya kuajiri.

Mwaka 2009 Tume ya Misaada kwa Vyuo Vikuu ya nchi hiyo iliagiza kwamba asiajiriwe mhadhiri ambaye hajashinda mtihani wa taifa. Waliosamehewa ni wenye shahada ya udaktari waliyoipata kwa kanuni mpya za mwaka ule. Waliokwisha kuipata kwa kanuni za zamani walijikuta nje ya mlango, wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Allahabad iliwakubalia. Zile za Delhi na Madras ziliwakatalia. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakata shauri: kustahili kuomba kazi si haki ya kuipata, na kiwango chaweza kuinuliwa kwa ajira zijazo kwa manufaa ya umma.

Uamuzi huo ni sahihi. Chuo cha umma si mali ya wahadhiri. Ni mali ya wakulima na wafanyakazi wanaokigharimia. Hata hivyo, si kila lililo halali ni la busara. Aliyefuata kanuni za Serikali kwa miaka mingi hastahili kuambiwa ghafla kwamba jasho lake si kitu. Tume yenyewe ilirekebisha jambo hilo mwaka 2016, ikawasamehe wa zamani waliotimiza masharti maalumu.

Lakini kugeuza sifa baada ya tangazo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2009 zilitangazwa nafasi 13 za wafasiri katika Mahakama Kuu ya Rajasthan. Watu 21 walipokwisha kufanya mtihani, likatolewa sharti la kupata asilimia 75. Wakapita 3 tu. Swali lililozaliwa na shauri hilo lilijibiwa Novemba 2024 na majaji watano wa Mahakama ya Juu: sifa zilizotangazwa hazigeuzwi katikati ya shughuli, ila kanuni au tangazo lenyewe likiruhusu.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Abadiliye sifa kabla ya kuwajua waombaji huenda anajenga chuo. Abadiliye baada ya kuyaona majina yao hukaribisha shaka kwamba anachagua mtu. Ahadi ni deni, na Serikali isiyolipa deni hilo hupoteza imani ya wananchi wake.