Msinisimulie Porsche

Wapo wenzangu hapa Dodoma ambao, yakitajwa magari ya mbio, hawana wimbo mwingine ila Porsche 911. Wameiona ikitamba katika mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, wakaamua kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi nakataa. Kati ya 911 na Datsun 240Z, gari lililoijua nchi yetu ni Datsun.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa 240Z vilevile, baada ya kulingana pointi na Datsun nyingine ya Harry Källström. Hiyo ni miaka ambayo Safari haikuwa bado ya Kenya peke yake. Porsche je? Ya pili mwaka 1974, ya pili tena mwaka 1978!

Haki niitende. Injini ya 911 ya wakati ule hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe, na uzito wake kule nyuma huyasaidia matairi kushika matope. Hayo nayakubali bila kinyongo.

Lakini hebu fungua boneti ya 240Z. Utakuta silinda sita zenye kipenyo cha milimita 83, kile kile cha Datsun 1600, gari la kawaida la familia, ambalo Herrmann huyo huyo alishindia Safari ya mwaka 1970. Injini hizo ni ndugu wa tumbo moja. Fundi aliyekwisha kuifungua moja chini ya mwembe hababaiki mbele ya nyingine. Barabara ya Dodoma, Kondoa hadi Babati ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo tulikula vumbi, na masika tulinasa kwenye udongo mweusi. Katika njia ya namna hiyo sifa ya gari ni kutengenezeka pale lilipolala. Ati mnaniambia habari za mng'aro wa rangi na bei ya mnadani?

Rafiki yangu mmoja hujitetea kwamba Volkswagen Beetle ni ukoo wa Porsche, nayo ilishinda Safari mwaka 1962. Basi na aisifu Beetle. Hapo sina ugomvi naye.