Jeep za zamani zinapanda bei: sisi wa Salamabila inatuhusu nini?

Mwezi wa Oktoba 2024 mji wa Arusha, kule Tanzania, ulijaa Land Rover. Mkuu wa mkoa wa wakati ule, Paul Makonda, aliwaita wenye magari hayo kwa tamasha. Alilenga kukusanya magari 1,000 na kupita rekodi ya Wajerumani, ambao mwaka 2018 walipanga Land Rover 632 katika msafara mmoja kule Bad Kissingen. Watu walikuja na magari ya babu zao, yameoshwa, yanang'aa.

Mtu wa Salamabila akiona picha zile anaweza kucheka. Kwetu jeep ya zamani ni ile inabeba muhogo, bidons za mazutu na watu kumi na tano juu yake. Hakuna anayeipiga picha. Lakini hii mambo ya wapenzi wa magari ya zamani inatufikia pia, kwa njia ambayo wengi hawajaiona, na inagusa mfuko wa familia ya mchimbaji.

Tuanze na gari lenyewe. Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Vita ilikuwa imekwisha juzi tu, chuma kilikuwa haba, kwa hiyo mwili wake ulitengenezwa kwa alumini. Shasi ndiyo ya chuma. Njo maana leo unakuta Land Rover nyuma ya nyumba ya mtu, mlango mzima, bodi nzima, lakini ukiinama chini shasi imekwisha kuliwa na kutu. Toyota ilikuja nyuma kidogo: jina Land Cruiser ni la mwaka 1954, ile ya mviringo tunaiita 40 ilitengenezwa kuanzia 1960 mpaka 1984, kisha ikafuata 70, ambayo inatengenezwa mpaka leo.

Sasa bei. Wakati kiwanda cha Solihull kilipokaribia kufunga mstari wa Defender (la mwisho lilitoka Januari 2016), gari moja la kumbukumbu liliuzwa kwa mnada kwa pauni 400,000, pesa zikaenda kwa misaada. Ni bei ya sherehe, tusiichukue kuwa kipimo. Lakini Land Cruiser 40 iliyorudishwa vizuri imekwisha kupita dola 100,000 kwa minada ya Marekani. Na mwaka 2021 Toyota yenyewe ilitangaza kwamba itaanza tena kutengeneza pyesi za 40. Kampuni haifanyi hivyo kwa magari ambayo hakuna mtu anayataka.

Hapa njo pa kusikiliza vizuri. Sheria ya Marekani inaruhusu kuingiza gari la nje bila masharti ya usalama ya magari mapya ikiwa limetimiza miaka 25. Maana yake, kila mwaka kundi lingine la magari linafunguliwa mlango. Land Cruiser 75 ya miaka ya 1990, yenye moteri ya mazutu 1HZ, imekwisha kufika umri huo. Na ile moteri njo hasa sisi tunaitafuta: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake ni ya kimekaniki, haina kompyuta. Fundi wa Kasongo anaifungua na funguo zake chini ya mwembe. Gari la kisasa likigoma kati ya Wamaza na Salamabila, nani ataliwekea kompyuta?

Kwa hiyo tajiri wa Texas na PDG wa shimo la Namoya wanatafuta gari moja. Yule wa Texas analitaka kwa siku ya Mungu, huyu analitaka juu ya barabara. Kwa maoni yangu, katika mashindano hayo sisi ni wenye kushindwa: lile zuri lililobaki Japani ao Australia litakwenda kwa mwenye dola nyingi, na litakalotufikia ni lile limechoka. Ongeza kwamba Bukavu, ambako pyesi nyingi zilikuwa zinapita, imekuwa mikononi mwa AFC/M23 toka Februari 2025. Fundi anajua alama hizo kuliko mimi.

Kuna watu wa kwetu Afrika ambao wamefanya upendo huu kuwa kitu cha maana. Wakenya wana Rhino Charge toka 1989: jeep, na kati yake za zamani, zinapita porini mahali pasipo njia, na michango ikasaidia kujenga ukuta wa waya kuzunguka msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400. Sisi mahali pasipo njia tunapapita kila siku, bure. (Naomba msamaha kwa utani huo.)

Rudi kwa nyumba yako. Dhahabu ilipita dola 3,000 kwa onsi mwezi wa tatu 2025, ikapita 4,000 mwezi wa kumi. Pesa ikiingia, kijana anataka jeep, na mzee anataka kuondoa ile ya zamani iliyolala uwanjani. Anakuja mtu, anapima kwa jicho, anatoa bei ya vyuma kwa kilo. Hapo ndipo hasara iko. Lakini pia tusijidanganye: mpenzi wa Ulaya hatakuja Salamabila. Yeye ananunua gari lenye carte rose, namba ya shasi inayosomeka na inayolingana na karatasi, moteri ileile ya kiwandani. Bila hayo, na kwa gharama ya kulitoa mpaka bahari pamoja na duane na vizuizi vya njiani, dola zake zinabaki hadithi.

Bei ya kweli iko katikati, na mnunuzi wake ni fundi. Giaboksi nzima, difu mbili, pampu ya 1HZ, springi: vikiuzwa kimoja kimoja vinapita mbali bei ya kilo. Kabla ya kukubali, ita fundi wawili wasiojuana, futa tope kwa reli ya shasi upande wa mbele, utafute namba, uiandike. Tafuta carte rose hata kama ni ya jina la marehemu. Na kama moteri inazunguka bado, muulize kwanza mwenye duka anayeleta unga toka Kasongo anaweza kuilipa ngapi kwa mwezi.