Kabambare: Dawa ya malaria isiuzwe nusu dozi

Katika masoko mengi ya mashariki ya Kongo, dawa ya malaria huuzwa hata kwa kidonge kimoja kimoja. Mwenye franka chache hununua ya siku moja badala ya siku 3. Homa ikishuka, anarudi shambani au kwenye machimbo ya zahabu. Wakaaji wa Kabambare wanalijua jambo hilo. Kisichosemwa sana ni kwamba desturi hiyo inavipa vimelea vya malaria nafasi ya kuizoea dawa.

Kongo imeshapoteza dawa kwa njia ya usugu. Klorokini, iliyotibu wazee wetu, iliachwa mwaka 2001. Fansidar iliyofuata haikudumu, na mwaka 2005 nchi ikachukua dawa ya mseto: artesunati pamoja na amodiakini. Artesunati huua vimelea vingi upesi, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Mwenzake hubaki siku nyingi akimalizia vilivyosalia. Anayeacha tiba katikati huviacha hai vile vyenye nguvu zaidi, na mbu huvipeleka kwa jirani.

Hatari haiko mbali. Nchini Rwanda na Uganda, watafiti walitangaza mwaka 2020 na 2021 kwamba kuna vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya dawa za jamii ya artesunati. Wachimbaji wanaofika Salamabila na Namoya hutoka pande nyingi, na vimelea havisimami kwenye bariera.

Lakini lawama zisiwaangukie wagonjwa peke yao. Mama asiye na feza hanunui nusu dozi kwa kupenda. Kituo cha afya kikikosa dawa, atakwenda dukani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya wakubwa wa afya: dawa isikatike vituoni, na damu ipimwe kabla ya tiba, maana si kila homa ni malaria. Wenye farmasi nao wauze dozi kamili tu. Aliyechomwa sindano ya artesunati asiruhusiwe kwenda nyumbani bila vidonge vya kumalizia.

Malawi iliacha klorokini mwaka 1993. Vimelea sugu vikapungua hadi kutoweka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha dawa hiyo ikiponya tena karibu wagonjwa wote waliopewa. Namna watu wanavyotumia dawa ndiyo inayoamua ni vimelea gani vitabaki. Kabambare isingoje dawa ishindwe ndipo ianze kuilinda.