Tofauti za matoleo ya Python zisiwaumize wanafunzi

Tangu mwaka 2022, Taasisi ya Kustawisha Mitaala, KICD, ilipoidhinisha mafunzo ya kuandika programu za kompyuta katika shule zetu, mengi yamesemwa kuhusu uhaba wa mashine, umeme na walimu. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, lipo tatizo jingine ambalo ni nadra kulisikia likitajwa. Mwanafunzi huandika programu yake nyumbani au katika saiba, akaiona ikitenda kazi barabara, kisha akiifikisha shuleni kompyuta huikataa katakata. Huambiwa amekosea, na pengine akapoteza alama, ilhali hajakosea lolote.

Yafaa ieleweke kwamba lugha ya Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hubadilika kama zibadilikavyo lugha za wanadamu. Tofauti ni kwamba mzee wa Lamu na kijana wa Nairobi wataelewana hata wakihitilafiana kwa maneno kadhaa. Kompyuta haina subira hiyo.

Itakumbukwa kwamba Python 3 ilipotolewa Desemba 2008, waundaji wake walikusudia kuachana na baadhi ya kanuni za Python 2. Amri ya print, iliyokuwa ikiandikwa bila mabano, ikawa haikubaliki pasipo mabano. Hilo lilikuwa jambo dogo, kwa kuwa kompyuta hulalamika papo hapo na kosa likarekebishwa. La kuogofya lilikuwa la kugawanya. Katika Python 2, namba kamili 7 ikigawanywa kwa 2 jibu lilikuwa 3; katika Python 3 jibu ni 3.5. Programu ile ile ya kukokotoa wastani wa alama za darasa ingeweza kutoa majibu mawili tofauti katika mashine mbili, bila ya onyo lolote. Python 2 ilikusudiwa kukomeshwa mwaka 2015, lakini watumiaji wake walikuwa hawajawa tayari, ikaongezewa muda hadi Januari 1, 2020. Ikiwa wataalamu walihitaji zaidi ya miaka kumi na mmoja kuhama, kwa nini tumkaripie mtoto wa shule ya upili aliyekwama kwa siku mbili?

Huenda msomaji akadhani kuwa hayo yamepita. La hasha. Toleo la 3.9, lililotoka Oktoba 2020, halikubali kusakinishwa kwenye Windows 7, na tangu hapo toleo jipya hutolewa kila Oktoba. Shule yenye kompyuta kuukuu za msaada inakomea 3.8. Mwanafunzi wake akifuata kitabu kipya kinachotumia amri ya match, iliyoingizwa katika toleo la 3.10 mwaka 2021, ataambiwa kwamba sarufi yake ni mbovu. Kitabu hakimwambii sababu, na mwalimu aliyejifunza kwa mashine mpya huenda asiijue.

Maktaba ndizo huzidisha utata, yaani mafungu ya programu zilizokwisha kuandikwa na watu wengine ili nasi tuzitumie. NumPy, maktaba ya hesabu inayotegemewa na nyingine nyingi, ilifikia toleo la 2.0 Juni 2024, na baadhi ya maktaba zilizotayarishwa kwa toleo la awali zikashindwa kufunguka hadi zilipotengenezwa upya. Aliyesakinisha jipya kwa ajili ya zoezi moja aliweza kuua zoezi jingine lililokuwa zima. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Dawa ipo, na haihitaji fedha. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python ina kifaa kiitwacho venv kinachoipa kila kazi chumba chake na maktaba zake, zisigombane na za jirani. Amri ya pip freeze huorodhesha kila maktaba iliyomo na nambari ya toleo lake. Pasipo intaneti, pip download huwezesha maktaba kuchukuliwa mahali pengine na kuletwa kwa flashi, mradi zilingane na toleo la Python na aina ya mashine itakayozipokea. Haya yafundishwe katika wiki ya kwanza. Siku hizi mwanafunzi huyagundua akiwa tayari amekata tamaa.

Wapo watakaopinga kwamba kubaki na toleo la kale ni hatari, kwa kuwa 3.8 iliacha kufanyiwa marekebisho ya usalama Oktoba 2024. Hoja hiyo ina uzito kwa mashine iliyounganishwa na intaneti. Kwa maabara isiyounganishwa, inayofundisha vitanzi na orodha, naona hatari kubwa zaidi ni darasa ambamo mashine kumi zina matoleo manne.

Kila shule basi ichague toleo ambalo mashine yake dhaifu kuliko zote inaliweza, na ilibakishe hilo mwaka mzima. Watahini nao waandike nambari ya toleo na ya kila maktaba juu ya karatasi ya zoezi, kabla mwanafunzi hajaanza kazi. Kuziandika hakuchukui hata dakika mbili.