Kushusha Gari Kuna Mizani Yake

Ndugu msomaji wa pwani, huenda ukastaajabu kuniona leo nimewaacha watunzi na tungo zao nikashika habari za springi na boliti. Ukurasa huu ni wa utamaduni, nami sijaiona hoja ya kuihesabu kazi ya mchonga milango wa Lamu kuwa utamaduni, kisha ya fundi wa gereji ya Kangemi ikatupwa nje. Wote wawili hula kwa mikono yao, na wote huharibiwa jina na mteja mwenye haraka.

Kangemi iko magharibi mwa Nairobi, ukishaipita Westlands kwa barabara ya Waiyaki. Humo mafundi wa jua kali hufanya kazi ambayo vijana wameipenda mno: kushusha gari. Subaru au Toyota iliyokwisha kutumika Japani huletwa ikisimama kama ilivyotoka kiwandani, nayo huondoka imeinama hata tairi zakaribia kufichwa na madigadi.

Mimi si katika wale wanaouita mtindo huu uhuni. Kila aliyesafiri chomboni ajua faida ya uzito kukaa chini. Ndiyo sababu manahodha wetu wakatia farumi ya mawe au mchanga. Na ajabu ni kuwa vijana wa California wenye asili ya Meksiko, baada ya Vita Vikuu vya Pili, walifanya vivyo hivyo: walijaza magunia ya mchanga kwenye buti za magari yao, na wengine wakazikata springi. Hapa kwetu mazoea yalikuwa kinyume. Tangu Safari ilipoanza mwaka 1953, tulizoea kuyasifu magari yanayosimama juu na kuyaruka mashimo, kama Lancer ya Joginder Singh iliyoshinda mwaka 1974 na tena 1976. Lakini mapenzi ya watu hubadilika. Ninalolilalamikia mimi ni kazi ya nusu.

Natuitazame sehemu ya mbele. Magari mengi ya leo hufuata umbo alilolibuni mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, ambalo Waingereza waliliona katika Ford Consul na Zephyr za mwaka 1950. Springi huvishwa juu ya shokamzoba, vikawa nguzo moja. Chini kuna mkono wa chuma utokao kwenye chesisi kwenda gurudumuni. Ndani umeshikwa na bushi za mpira, nje umeshikwa na bolijointi. Karibu nao hupita tairodi, ile inayopeleka amri ya usukani.

Sasa lishushe bodi. Gurudumu halishuki, lipo palepale juu ya ardhi. Kwa hivyo mkono ule, uliokuwa umelala sawa au ukiinamia nje, huelekea juu. Hapo ndipo penye maajabu. Ile nukta ambayo bodi huizunguka gari linapolala kwenye kona hushuka zaidi kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, na masafa baina ya viwili hivyo yakaongezeka. Gari ambalo mwenyewe alilishusha ili lisilale, lalala zaidi, isipokuwa springi zake ziwe ngumu kuliko za kwanza. Nayo tairodi ikipotewa na ulalo wake, kila gurudumu lipandapo tuta hujipinda lenyewe, na dereva hakuugusa usukani.

Dawa yake mafundi wanaijua. Hufungwa bolijointi yenye shingo ndefu, ili ncha ya nje ya mkono iteremke irudi mahali pake, na ncha ya tairodi nayo iteremshwe kwa kadiri ileile. Ukifunga moja ukaiacha ya pili, umeliharibu gari kuliko ulivyolikuta. Nasi tuliolelewa kwenye vina na mizani twalielewa hilo bila ya kufundishwa: hakuna mshairi aurekebishaye ukwapi akauacha utao ukichechemea.

Kuhusu kuikata springi kwa msumeno sitasema mengi. Ile iliyobaki huwa ngumu, lakini huwa fupi pia, na gurudumu likitumbukia shimoni springi hulegea katika kikalio chake. Shokamzoba nayo hufanya kazi mwisho wa mwendo wake, ikigonga kila mara, mpaka ife.

Liko jambo moja dogo ambalo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Nilimtazama fundi mmoja wa makamo pale Kangemi akifunga bushi mpya. Boliti za mkono alizitia, lakini hakuzikaza. Alilishusha gari kwanza juu ya vipande vya mbao, uzito wote ukakaa kwenye magurudumu, ndipo akaingia chini na spana. Nikamwuliza kwa nini asimalize gari likiwa kwenye jeki, apumzishe mgongo.

"Mzee wangu," akanijibu, "mpira huu ukiukaza gurudumu likining'inia, umeuzoesha kuning'inia. Gari likikaa chini utasokoteka mchana na usiku. Miezi michache umepasuka, na mwenye gari atasema nilimwuzia bushi bandia."

Elimu hiyo hakuipata kitabuni, kwani kitabu cha kazi hiyo kwa Kiswahili mimi sijapata kukiona.

Nina mpwa wangu, kijana wa Mombasa aliyehamia Nairobi kikazi. Alilishusha gari lake, na fundi akamwambia wazi kwamba zimebaki tairodi na alaimenti. Akaona gharama. "Mjomba, si linakwenda?" aliniambia. Lilikwenda, naam, mpaka karibu na Mtito Andei, ambako tairi la mbele lilipasuka, upande wake wa ndani umelika hata nyaya zaonekana, ilhali upande wa nje ulikuwa mpya. Mkewe na mtoto wao mchanga walikuwamo ndani. Alhamdulillahi walitoka salama. Neno lake la kwanza lilikuwa kumlaumu fundi.

Siwezi kumlaumu fundi kwa kazi ambayo hakulipwa aifanye. Lakini namtaka naye awe na ulimi mkali: mteja akikataa sehemu ya pili, basi hata ya kwanza asifungiwe.

Na gari lililoshushwa leo lisihesabiwe limekwisha leo. Litembezwe siku kadhaa, springi zikae, kisha lirudi kwenye alaimenti. Ukipita mwezi, mwenyewe aukate usukani mpaka mwisho, apitishe kiganja upande wa ndani wa tairi la mbele. Akiuona wakwaruza kama msumeno na ule wa nje ni laini, arudi kwa fundi siku hiyohiyo, na fedha alizoziweka za spika za redio aende nazo.